Ndege wa Jumapili katika Mpunga wa Lubarika

Wenzangu mnaobaki kazini mmeniomba niandike yale ambayo hayamo katika ripoti zetu. Nimekubali kwa sharti moja: sitasema nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini, kwa sababu vyeo vyangu havikumfundisha ndege yeyote kitu, na mshahara wangu haukumnenepesha mtu, mimi nikiwemo. Nitasema juu ya nyavu. Nimemaliza maisha yangu ya kazi nikisimamisha nyavu kwenye ukingo wa kaskazini wa ziwa Tanganyika na katika uwanda wa Ruzizi, na jambo ninalolijua kwa uhakika kuliko mengine yote ni kwamba wavu hukuonyesha ndege ambao wavu ule, pale uliposimama, saa ile, uliweza kuwakamata. Wale waliopo ni habari nyingine. Kati ya habari hizo mbili kuna pengo, na atakayelisahau ataandika vitabu vizuri juu ya nyavu zake akidhani anaandika juu ya ndege.

Siku ya kwanza nilifika kituoni na viatu vya chuo kikuu, nikitokea chumba nilichopanga Songo, mtaa wa Uvira, nikiwa nimejiandaa kwa maswali ya biolojia. Hakuna aliyeniuliza swali la biolojia. Mkuu wa kazi ya kunasa alikuwa Papa Kashindi, mtu wa ziwani, mtoto wa wavuvi wa ndagala, aliyeacha samaki akafuata ndege kwa sababu, alivyopenda kusema, ndege hawaachi harufu mikononi. Alinitazama mikono kabla ya kunitazama uso.

"Hii mikono iliisha kamata ndege?"

"Ndiyo, Papa. Kuku."

"Kuku haiko ndege, mama. Kuku iko mutu wa nyumba. Kuja."

Wavu wetu ni wa nyuzi nyeusi, nyembamba kiasi kwamba ukisimama kando yake asubuhi unaweza kuupita bila kuuona. Unasimamishwa kati ya mianzi miwili, na kitambaa chake huning'inia katika mikunjo kama mifuko. Ndege anaugonga, anaangukia mfukoni. Papa Kashindi alinifundisha kuulegeza kidogo, maana wavu uliokazwa humrudisha ndege kama ukuta unavyorudisha mpira. Alinifundisha kumtoa ndege kwa njia ile ile aliyoingilia, miguu kwanza, kisha mabawa, kichwa mwisho. Kumshika shingo ikiwa kati ya vidole viwili na mgongo ukiwa kiganjani, bila kumbana kifua, kwa kuwa ndege aliyebanwa kifua hafi kwa kelele, hufa kwa adabu. Baada ya hapo ni pete ya alumini mguuni, rula ya bawa, mfuko wa kitambaa na mizani ya kuning'iniza. Mvua ikianza, wavu unafungwa. Mtu akiondoka, wavu unafungwa.

"Wavu isiyo na mutu," alisema, "iko mwizi tu."

Somo langu la kwanza juu ya lile pengo nililipata katika matete ya ziwani, chini ya mtaa wa Nyamianda, kabla maji hayajapanda na kuyala. Nilikuwa nimenunua kifaa cha kucheza sauti, nikakifunga chini ya wavu kikiimba wimbo wa ndege mdogo wa matete. Walikuja kwa wingi. Nikapima, nikaandika kwa fahari kwamba katika matete ya Uvira madume ni wengi mno kuliko majike, na nikaanza kufikiria sababu zake, ambazo zilikuwa nyingi na za kisomi. Papa Kashindi alisoma karatasi yangu akiwa anakula muhogo.

"Mama, ukipiga ndombolo mbele ya bar, uhesabu benye baliingia, utasema Uvira haina bamama ba kanisa?"

Wimbo ule ni wa dume anayetetea makao yake. Anayekuja kuusikiliza ni dume mwingine anayetaka kupigana. Majike walikuwepo, wakiendelea na shughuli zao, wasio na haja ya ugomvi wangu. Baadaye nilijaribu mtego wa kreti wenye mtama ndani, na nikapata ndege wengi wachanga na waliokonda, kwa sababu mwenye shibe na uzoefu haingii kwenye nyumba ya mgeni kwa ajili ya mtama. Kila namna ya kunasa ina watu wake inaowapenda. Kuanzia hapo niliacha kuuliza wavu umekamata nini kabla ya kuuliza umewaacha nani.

Nilidhani nimelielewa jambo hilo kabisa. Kesi ya Lubarika ilinionyesha nilikuwa nimelielewa nusu.

Nilirudi masomoni nikiwa na umri ambao wenzangu walikuwa wakiozesha mabinti. Tasnifu yangu ya masomo ya juu ilihusu minana, wale ndege wa manjano wafumao viota, wanaoshuka kwenye mpunga wa Lubarika kwa makundi na kulala jioni katika matete yaliyo kando ya mashamba. Swali lilikuwa rahisi kulitamka: je, minana wanaolala katika matete yale ni wangapi? Njia ya kulijibu ni ya zamani, nanyi mnaijua. Unakamata ndege, unawavisha pete, unawaachia. Unaporudi, unatazama kati ya wale unaowakamata ni wangapi wenye pete. Wakiwa wengi, kundi ni dogo, maana kila unapotia mkono unakutana na wale wale. Wakiwa wachache, kundi ni kubwa, maana pete zako zimemezwa na umati.

Tulikwenda kila Jumapili. Hilo halikuwa jambo la kisayansi. Lilikuwa jambo la gari na dini. Gari la kituo lilikuwa na kazi za ofisi siku nyingine, na Jumamosi sisi hatukuweza, kwa kuwa Papa Kashindi na mimi, na dereva wetu wa zamani, sote tulikuwa watu wa Sabato. Jumapili kwetu ilikuwa siku njema ya kazi: barabara tupu, ofisi imefungwa, mashamba yametulia. Papa Kashindi alizoea kutazama vile vilingo vitupu vya kuamia ndege, vimesimama juu ya mpunga bila mtu, na kutikisa kichwa.

"Bantu ba huku banapenda kulala," alisema. "Ndege inakula, beye bangali mu blanketi."

Wavu ulijaa kila mara, na wenye pete walikuwa nadra. Hesabu ikatoa kundi kubwa ajabu. Nilirudia kuikokotoa mara nyingi, kwa kuwa ndivyo nilivyo, sikai na jambo mpaka nimelichosha, na kila mara hesabu ilikuwa sahihi.

Idara ya kilimo iliomba nambari hiyo kabla hata sijaitetea mbele ya jopo. Agronomu wao, yaani bwana shamba, alikuwa kijana mwenye bidii na pikapu, naye aliamua kwamba kundi la ukubwa ule halifukuzwi kwa makopo: matete yanyunyiziwe sumu jioni, ndege wakiwa wameingia kulala. Wakulima walikubali. Mimi nilikuwa nimeyatembea matete yale. Mfereji unaopita katikati yake ndio unaoshuka hadi kwenye nyumba. Wanawake wanachota humo maji ya kupikia, wanatega humo kambare kwa vikapu. Agronomu aliwaambia wasichote kwa siku mbili. Karatasi iliyobandikwa kwenye dumu la sumu haikutaja siku mbili. Ilisema dawa isitumike karibu na maji.

Nilimweleza hayo Papa Ndayizeye, mwenyekiti wa wakulima wa mpunga, ambaye pia ni katekista wa kanisa dogo la pale: padri hufika mara chache, kwa hiyo yeye ndiye anayepiga kengele na kuongoza sala. Alinisikiliza kwa heshima yote.

"Mama Asista, maji tutaenda kuchota mbali. Miguu tuko nayo. Mupunga ikiisha, tutachota nini?"

Nambari iliyomtisha ilikuwa yangu.

Wiki zile dereva wetu wa zamani alistaafu, akaja Deo, fundi na dereva pamoja, Mkatoliki, sauti ya besi katika kwaya ya parokia yake. Papa Kashindi alimweleza ratiba, akiiita Jumapili kama kila mtu wa huku.

"Siku ya Mungu tunapanda Lubarika."

"Nyinye mutapanda. Minye niko na misa."

"Ndege hazina misa."

"Njo maana hazina dereva."

Mkurugenzi, aliyependa amani kuliko ndege, akatupangia Jumanne. Hivyo ndivyo nilivyoifahamu Lubarika ya siku ya kazi, ambayo kwa muda wote ule sikuwahi kuiona kunapokucha. Niliisikia kabla ya kuiona. Makopo yaligongwa, kamba zenye vibati zilivutwa kutoka upande mmoja wa shamba hadi mwingine, watu walipiga mayowe kwa Kirundi na kwa Kiswahili, na juu ya kila kilingo alisimama mtu na kombeo, udongo ukipita hewani ukivuma. Tulisimamisha wavu katikati ya vita ile kama watu waliokuja na meza ya chai. Papa Ndayizeye mwenyewe alikuwa juu ya kilingo kilichokuwa karibu nasi.

"Papa Ndayizeye!" nilimwita. "Leo kuna nini?"

"Kuna kazi! Kila siku iko hivi."

"Siku ya Mungu hatuonagi mutu hapa."

"Siku ya Mungu tuko kanisani, mama. Weye ulifikiri tuko nalala?"

"Minye njo nilifikiri," alisema Papa Kashindi, akiukazia macho mwanzi wake.

"Hata muke yangu ananisemaga hivyo," alijibu Ndayizeye kutoka juu. "Lakini yeye ananionaga."

Ndege walikuja wachache, wakiruka chini chini kutoka matete kwenda kwenye kona za shamba ambako makopo hayakufika. Tulipoanza kuwatoa wavuni, mikono yangu ilijua kabla ya kichwa: mguu wenye pete, mguu wenye pete, mguu mtupu, mguu wenye pete. Nilikaa juu ya ndoo. Nikajitetea mbele ya nafsi yangu kwa hoja zote nilizokuwa nazo: huenda ni bahati, huenda ni upepo, huenda wale wasio na pete wameogopa kelele kuliko wenzao. Kila hoja niliitazama pande zote, na kila moja ilisimama kwa mguu mmoja. Siku ya makelele nilikutana na kundi dogo. Siku za ukimya nilikuwa nikikutana na umati. Wavu ulikuwa ule ule. Mashamba yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni kengele ya kanisa.

Papa Kashindi hakupenda.

"Jumanne moja haiko sayansi, mama."

Alisema kweli, na ninamshukuru kwa ukaidi wake, kwa sababu ulinizuia kukimbia na jambo ambalo sijalipima. Mkurugenzi alitupa gari kwa muda mfupi, Jumapili zikiwemo. Tukasimamisha nyavu mbele ya matete jua likishuka, tukiwanasa minana wanaorudi kulala, na kila mmoja tukampaka kifuani tone la dawa ya zambarau, ile ya vidonda. Juu ya manyoya ya manjano inaonekana kwa mbali. Deo aliwaachia mmoja mmoja akicheka.

"Zitafika mu matete, zingine ziulize: mulilazwa hospitali gani?"

Sasa tulikuwa na alama ya wenye nyumba: mwenye zambarau analala katika matete ya Lubarika. Tuliwanasa tena kwenye mpunga katikati ya wiki, makopo yakilia, na zambarau ilikuwa kila mahali. Ikabaki Jumapili, na safari hii tungefika mapema, si baada ya kengele kama zamani. Deo alikubali kuendesha.

"Lakini kengele ikilia, munanitafuta kanisani. Nitaimba na bale ba huku."

Kengele ililia. Kwa mara ya kwanza niliacha kutazama wavu nikatazama watu. Waliteremka kwenye vilingo, wakanawa miguu mferejini, wakavaa mashati meupe waliyokuwa wameyatundika kwenye miti, wakaenda na Deo kati yao. Mashamba yakanyamaza. Kisha mashariki, juu ya mstari wa Ruzizi, mto wa mpaka, kitu kikainuka kama moshi, kikaja, kikashuka juu ya mpunga kwa sauti ya mvua. Tuliwatoa wavuni mpaka vidole vikauma. Zambarau ilikuwa nadra, mmoja huku, mmoja kule. Watu wa nyumbani walikuwepo, ila walikuwa wamepotea ndani ya wageni.

"Bote hawa banalala ng'ambo," alisema Papa Kashindi polepole. "Banangojaga kengele."

"Ndiyo, Papa."

"Na ile nambari tuliandika?"

"Tulihesabu ndege wa mataifa mawili, tukawalaza kitanda kimoja."

Alifunga wavu, kwa kuwa jua lilikuwa limepanda, akasema, "Basi twende tukabaambie. Weye njo utasema. Minye ile maneno ya blanketi ingali inanichoma."

Tasnifu niliijenga upya kutoka msingi. Sitawachosha na hilo. Jopo lilikuwa kali na la haki. Ila niwaambie ninyi mnaoandika zenu sasa: niliogopa kwa majuma, nikidhani nambari ikivunjika mtafiti naye huvunjika. Sivyo. Nambari ya kwanza ilijibu swali la wavu. Ya pili ilijibu swali la ndege. Niliposimama na ya pili sikuwa na haja ya kuinua sauti.

Lakini sumu haikungoja jopo. Madumu yalikuwa yamekwisha kufika. Tulikutana katika darasa la shule, wakulima kwenye madawati ya watoto, Agronomu mezani. Nilieleza kwa maneno niliyotumia hapa: minana wanaolala katika matete yenu ni kundi dogo, na siku za kazi mnaliweza, umati unaowamaliza huja Jumapili kutoka ng'ambo ya mto, na jioni unarudi kwao. Mkiyanyunyizia matete, mtaua wenyeji wachache na kuharibu mfereji, na Jumapili inayofuata umati utakuja kama kawaida.

Papa Ndayizeye alisimama.

"Ngoja, mama. Kengele njo minye niko napiga. Donc kengele yangu iko naita ndege?"

"Kengele inawaita watu, Papa. Ndege wanaona watu wameondoka."

"Unaita bantu kwa sala," alisema mama mmoja kutoka nyuma, "na ndege zinakuja kwa komunio!"

Darasa zima lilicheka, Ndayizeye naye akacheka, lakini alikaa akiwa ameshika kichwa. Agronomu hakucheka. Alikuwa na wakubwa wake.

"Mama Asista, jana ulisema ni wengi, leo ni wachache. Kesho utasema ni wangapi? Madumu nikiyarudisha bure, nitamwambia chef nini?"

"Njoo uone mwenyewe kwanza. Siku ya Mungu, mashamba yakiwa na walinzi. Ukiona umati umeshuka kama zamani, sitakuzuia."

Niliyasema hayo kwa sauti tulivu, na nilipoyasikia yametoka nikatambua nimeweka mfereji wote wa Lubarika juu ya asubuhi moja. Agronomu alikubali palepale. Atakuja na madumu na wapulizaji wake. Ndege wakishuka, dawa itapigwa jioni ile ile.

Lililobaki halikuwa langu. Walinzi wa Jumapili wangetoka wapi, ikiwa kijiji kizima husali? Wazee walisema sala haigawanywi. Mmoja alisema wanaokosa mpunga wanaweza kusali vizuri zaidi. Papa Ndayizeye aliwaacha wamalize, kisha akasema ataongoza sala mara mbili: nusu ya watu waje alfajiri, wengine wabaki juu ya vilingo, kisha wabadilishane.

"Na weye utahubiri mara mbili?" aliuliza yule mama wa nyuma. "Moja tu ilikuwaga inatuua."

"Ya pili itakuwa fupi," alijibu. "Nitakuwa nimechoka."

Jumapili ile pikapu ya Agronomu ilisimama kando ya barabara, madumu yamefunikwa turubai na kufungwa kamba. Agronomu alikuja kukaa karibu na wavu wetu kwenye kiti cha kukunja, miwani nyeusi usoni. Kelele zilianza na mwanga, kama siku ya kazi. Kutoka kanisani tulisikia wimbo wa kundi la kwanza, na besi ya Deo chini yake. Mashariki umati uliinuka, ukaja, ukapaa juu ya mashamba, ukazunguka, usishuke. Ulirudi mtoni.

Hatari ilikuja mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefikiria. Kengele ya pili ililia. Walio juu ya vilingo, waliokuwa wamengoja zamu yao tangu alfajiri, waliteremka mara moja wote pamoja, kwa mazoea ya maisha yao, wakaanza kunawa miguu. Wenzao walikuwa wangali mlangoni mwa kanisa wakisalimiana. Mashamba yakanyamaza. Niliinua uso: wingu lile lilikuwa limerudi, likiinama, sasa likishuka kwa mshazari, nami nikasikia ule mwanzo wa sauti ya mvua. Agronomu alivua miwani.

"Papa Ndayizeye!" Papa Kashindi alipiga ukelele wa mvuvi anayeita mtumbwi. "Ndege!"

Waliokuwa mlangoni mwa kanisa walisukumwa kando. Ndayizeye alitoka akiwa na joho lake jeupe la ukatekista, amelikunja hadi magotini, akakimbia juu ya tuta la shamba akipiga kelele kwa Kirundi maneno ambayo sidhani yako katika kitabu cha sala. Nyuma yake Deo alikuja na ngoma kubwa ya kwaya, ameikumbatia kifuani, akiigonga kwa viganja vyote viwili, na nyuma ya Deo waimbaji wote wa soprano na kina mama wote wa kundi la kwanza, wakipiga makofi, wakigonga makopo, wakirusha madongo kwa mikono mitupu. Wale waliokuwa wakinawa miguu wakarudi vilingoni na povu la sabuni. Wingu lilisita juu ya vichwa vyetu. Likakatika vipande, vipande vikapanda, vikaungana tena juu ya mto, vikaenda.

Ndayizeye alifika kwenye wavu akihema, joho limejaa tope.

"Mumekamata ngapi, Asista?"

Nilipita kando ya wavu wote, mkunjo kwa mkunjo, kama nilivyofundishwa, nisiache kona. Mnana mmoja alikuwa mfukoni, kifua chake kina zambarau.

"Mmoja, Papa. Na ni wa hapa."

"Muachie. Huyo tunamujua."

Nilimtoa miguu kwanza, nikamwachia. Agronomu alikuwa amesimama. Alitazama mto, akatazama mpunga, akanitazama mimi, kisha akakunja kiti chake.

"Wataendelea hivi mpaka mavuno?" aliniuliza.

"Niulize mimi," alisema Ndayizeye. "Mupunga haiko ya Asista."

"Mutaendelea?"

"Sala mbili. Kengele ya pili haitalia tena mpaka bale ba kwanza bapande vilingo. Nimeisha ona."

Agronomu alitikisa kichwa kukubali, akaenda kwenye pikapu. Papa Kashindi na mimi tulianza kukunja wavu, na kwa sababu hiyo tulikuwa tumeelekea barabarani gari lilipogeuka kurudi lilikotoka. Wapulizaji walikaa nyuma juu ya turubai, mashine zao kavu mapajani. Njia inavuka mfereji pale maji yanapotoka kwenye matete, na wanawake walikuwa wameinama hapo wakijaza bidoni zao za maji. Dereva wa pikapu akapiga honi. Walizisogeza kando gari lipite na madumu yake, kisha wakazirudisha majini.